Vuli ya Wakulima Wadogo wa Kiingereza: Mavuno, Mpaka na Deni

Walimu wanaofundisha kwa vitabu vilivyofasiriwa wameona mara nyingi jinsi neno moja liwezavyo kuwapoteza wanafunzi njia. Neno la namna hiyo ni vuli. Kwa watu wa pwani na visiwani, vuli ni majira ya mvua ndogo, zinyeshazo tangu Oktoba hata Desemba, baada ya kipupwe kupita na kabla ya kaskazi kushika. Mkulima asikiapo vuli huwaza mbegu na jembe, na magugu yatakayofuata. Lakini wafasiri walipotafuta neno la kutaja majira ya Ulaya yaliyo kati ya siku za joto na siku za baridi kuu, yaani Septemba hata Novemba, wengi wao walilichukua neno hili hili. Basi mwanafunzi asoma kwamba katika vuli majani ya miti hupukutika, naye hushangaa, kwa kuwa vuli aijuayo yeye ndiyo inayochipuza majani.

Wako wasemao kwamba wafasiri walikosa. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba hawakukosa kabisa, maana mkulima wa Ulaya naye husia ngano yake katika majira hayo, kama vile mkulima wa pwani asiavyo mahindi au kunde. Walakini liko jambo jingine, tena kubwa zaidi. Vitabu vya shule huonyesha vuli ya Ulaya kama wakati wa matofaa mekundu na majani ya rangi ya dhahabu. Kwa nyumba ndogo ya mkulima haikuwa hivyo. Ilikuwa majira ya hesabu, ya kugawa, ya kulipa na ya kuweka akiba. Ndiyo yaliyoamua kama nyumba ile itakuwa na shamba mwaka ujao au haitakuwa nalo. Nitaeleza habari za Uingereza, kwa kuwa sheria zake na kumbukumbu zake zatuwezesha kuona vizuri mambo hayo yalivyokwenda.

MAJINA YA MAJIRA

Waingereza wa kale waliyaita majira haya hærfest. Neno hilo lilikuwa na maana mbili pamoja: majira yenyewe, na kazi ya kuvuna. Wajerumani, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja, hata leo huyaita Herbst. Baadaye Waingereza walipokea neno la Kilatini, autumn, kwa njia ya Kifaransa, na katika karne ya 16 wakaanza kusema pia "kuanguka kwa majani". Namna hiyo ya kusema, ikiisha kufupishwa, ndiyo iliyobaki kwa Wamarekani. Neno la kale likabaki kutaja mavuno tu. Basi jina la kwanza lilitoka kondeni, katika kazi ya mikono.

Tena tunayo majina ya miezi, aliyotuandikia Beda, mtawa wa Jarrow, katika kitabu chake cha kuhesabu nyakati cha mwaka 725. Asema kwamba Waingereza kabla ya kuwa Wakristo waliita Oktoba kwa jina lenye kuunganisha baridi na mwezi mpevu, kwa kuwa majira ya baridi yalihesabiwa tangu mwezi mpevu wa wakati huo. Novemba waliiita Blotmonath, yaani mwezi wa dhabihu, kwa sababu ndipo walipowachinja ng'ombe na kuwatoa kwa miungu yao.

Desturi hiyo ya kuchinja ilikuwa na sababu ya ibada, na tena sababu ya nyasi. Katika nchi zile, majani ya malisho huacha kukua wakati wa baridi. Mwenye ng'ombe watano na nyasi kavu za kuwatosha watatu hana shauri jingine: wawili huchinjwa kabla ya kukonda, na nyama yao hutiwa chumvi. Haya aliyajua hata Papa Gregori wa Kwanza. Mwaka 601 alimwandikia Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda kumsaidia Augustino wa Canterbury, akamshauri kwamba mahekalu ya Waingereza yasibomolewe, bali sanamu tu ziondolewe. Na kwa habari ya ng'ombe wale, watu wasikatazwe kuchinja, ila wachinje kwa chakula chao na kumshukuru Mungu katika siku za sikukuu. Wasomaji wa gazeti hili wamekwisha kubishana mara nyingi juu ya shauri hilo, nami sitaki kuurudia ubishi huo. Nataka tu tuangalie kwamba swali lile lilikuwa swali la vuli, na Gregori hakutaka kuwanyang'anya wakulima nyama ya kuwavusha baridi.

FUNGU LA MBEGU

Mavuno ya ngano yalianza mwezi wa Agosti na kuendelea hata Septemba. Watu walikata kwa mundu, au kwa mundu mkubwa wa mpini mrefu ushikwao kwa mikono miwili. Wengine wakafuata nyuma wakifunga miganda, na kuisimamisha kondeni ipate kukauka. Nyumba nzima ilitoka: baba, mama, watoto, hata bibi mzee aliyeweza kusokota kamba ya kufungia.

Miganda ikiisha kuingizwa ghalani, ndipo hesabu ilipoanza. Katika karne za kati, shamba la ngano la Uingereza lilitoa kwa kawaida kama mara 4 ya mbegu iliyosiwa. Basi tuchukue mfano wa nyumba iliyovuna magunia 20. Magunia 5 si ya kuliwa. Ni mbegu, nayo yarudi ardhini katika vuli ile ile au masika yajayo. Magunia 2 ni zaka, maana kila mganda wa kumi ulikuwa haki ya kanisa, nao ulichukuliwa kondeni kabla mwenyewe hajapeleka yake nyumbani. Yamebaki 13, na kodi ya ardhi bado haijalipwa. Katika hayo 13 lazima upatikane mkate wa watu wote wa nyumba hata Agosti nyingine, na kitu kidogo cha kuuza ili kununua chumvi na chuma.

Mwaka wa mavuno mabaya, magunia 20 yakawa 12. Zaka ilipungua, kwa kuwa ni sehemu ya mavuno. Lakini mbegu haikupungua, maana shamba ni lile lile. Wala kodi haikupungua, maana mkataba ni ule ule. Hapo mkulima alikuwa na mashauri mawili tu: kula mbegu, au kukopa. Aliyekula mbegu alijimaliza mwenyewe. Aliyekopa aliweka rehani mavuno ambayo bado hayajaota. Waswahili husema akiba haiozi. Lakini akiba ya mkulima huyu ilikuwa mbele ya macho ya watoto wenye njaa miezi yote ya baridi. Zaka ya miganda ilidumu katika sehemu nyingi hata sheria ya mwaka 1836 ilipoigeuza kuwa malipo ya fedha.

MASAZO YA MASKINI

Shamba likiisha kuvunwa, masuke yaliyoanguka yalibaki chini. Wanawake na watoto wa kijiji waliingia kuyaokota. Wasomaji wote wanajua habari za Ruthu katika shamba la Boazi, na amri ya Torati ya kuwaachia maskini masazo ya mavuno. Katika vijiji vingi vya Uingereza kengele ya kanisa ililizwa asubuhi kuwaruhusu waokotaji kuanza, ikalizwa tena jioni kuwarudisha, ili mwenye nguvu asimtangulie aliye dhaifu au mwenye mtoto mchanga. Haba na haba hujaza kibaba: nyumba yenye watoto wengi wenye bidii iliweza kuokota unga wa majuma mengi ya baridi.

Je, kuokota huku kulikuwa haki, au hisani? Kwa muda mrefu hakuna aliyelazimika kujibu. Lakini mwaka 1787, katika kijiji cha Timworth, wilaya ya Suffolk, mwanamke aitwaye Mary Houghton aliokota masuke katika shamba la mkulima James Steel, na Steel akamshitaki kuwa ameingia katika ardhi yake bila ruhusa. Mwaka 1788 shauri liliamuliwa na mahakama kuu mojawapo mjini London, mbele ya mahakimu wanne. Watatu walisema kwamba sheria ya Uingereza haimpi mtu haki ya namna hiyo. Mmoja tu, Gould, aliona kwamba haki ipo, akataja Torati na desturi ndefu ya nchi. Wenzake walimjibu kwamba sheria ya Musa ilikuwa sheria ya Israeli, wala haizifungi mahakama za Uingereza.

Hapa yafaa mwalimu atulie kidogo na wanafunzi wake. Mary Houghton hakuiba miganda. Aliokota kilichokuwa kimeachwa. Kabla ya hukumu ile, mwanamke wa namna yake aliingia shambani kama mtu mwenye fungu lake. Baada ya hukumu ile, mbele ya sheria, aliingia kama mtu aliyevumiliwa. Masuke ni yale yale, lakini hali ya mwanamke imebadilika. Hata hivyo desturi haikufa siku moja. Wakulima wengi waliendelea kuruhusu, na wanawake wengi waliendelea kudai, kana kwamba mahakama haikusema neno. Na katika vijiji vingine kengele ya waokotaji ilisikika zaidi ya miaka mia baada ya hukumu.

SIKU YA MTAKATIFU MIKAELI

Tarehe 29 Septemba ni sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli. Nchini Uingereza ilikuwa mojawapo ya siku 4 za mwaka za kulipa kodi ya ardhi, na kwa wakulima wengi ndiyo siku ya kuanza na kumaliza mikataba ya mashamba. Aliyeshindwa kulipa siku hiyo alijua kwamba huenda jembe lake litasia mbegu katika ardhi ya mwingine, au halitasia popote. Kwa hiyo kabla ya Mikaeli aliuza alichoweza. Mabata bukini, ambao walikuwa wameachiwa mabua yaliyovunwa wale nafaka zilizopukutika, walinona wakati huo huo. Wakauzwa, au kupelekwa kwa bwana wa ardhi kama zawadi ya kuituliza roho yake. Mji wa Nottingham unayo hata leo Gulio la Mabata Bukini katika vuli. Inasimuliwa kwamba hapo kale makundi ya ndege hao yaliswagwa kwa miguu njia ndefu, nao wakapitishwa kwanza katika lami na mchanga ili nyayo zao ziwe ngumu kama viatu.

Mwaka 1752 Uingereza ilipoiacha kalenda ya kale, siku 11 ziliondolewa: baada ya tarehe 2 Septemba ilifuata tarehe 14. Mabadiliko hayo yalikuja katikati ya vuli, wakati wa hesabu. Mkulima aliyepaswa kulipa kodi siku ya Mikaeli aliona kwamba siku imemjia kabla ya wakati wake, ambapo ndege hawajanona wala ngano haijauzwa. Kwa hiyo katika sehemu nyingi watu walidumu kulipa na kuhama katika "Mikaeli ya kale", siku 11 baadaye, mwezi wa Oktoba. Desturi za watu zilifuata siku hiyo hiyo. Wazee waliwakataza watoto kula matunda meusi ya vichaka vya miiba baada ya Mikaeli ya kale, wakisema kwamba Ibilisi, alipotupwa kutoka mbinguni, aliangukia miibani, na kila mwaka siku ile huyatemea mate. Kweli matunda hayo huharibika Oktoba kwa unyevu. Basi hadithi ilikuwa na akili ndani yake.

Kaskazini mwa nchi, siku kubwa ya kuajiri ilikuwa ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba. Wavulana na wasichana wa nyumba ndogo, wengine wenye umri wa miaka 13 au 14, walisimama sokoni wakingoja wakulima wakubwa. Mchungaji wa kondoo alivaa kipande cha sufu, na mwendesha mkokoteni kipande cha kamba ya mjeledi, ili kazi yake ijulikane. Walipoafikiana, bwana alimtia kijana sarafu mkononi iwe arubuni, naye akafungwa kwa mwaka mzima. Nyumba ilipungukiwa mikono, lakini ilipungukiwa na vinywa pia. Na katika baridi wazazi wengi walilihesabu hili la pili kwanza.

MIPAKA YA LAXTON

Sasa tutazame kijiji kimoja ambacho vuli yake ya kale haijapotea. Ni Laxton, wilaya ya Nottinghamshire. Hapo kale vijiji vingi vya katikati ya Uingereza vililima katika makonde makubwa yasiyo na ua, na kila nyumba ilikuwa na vipande vyake, vyembamba na virefu, vilivyotawanyika: kimoja kilimani, kimoja bondeni, kimoja karibu na kijito. Hivyo hakuna mtu aliyepata udongo mzuri wote, wala aliyepata mbaya wote. Na mvua ya mawe ikipiga upande mmoja, haikumfilisi mtu mmoja peke yake. Ramani ya Laxton iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635 yaonyesha vipande hivyo kimoja kimoja, imehifadhiwa Oxford.

Makonde yaliyobaki ni matatu: la Magharibi, la Kinu na la Kusini. Kwa zamu ya kale, konde moja lilisiwa ngano katika vuli, la pili lilisiwa mazao ya masika ya Ulaya, na la tatu liliachwa lipumzike. Mwaka uliofuata yakabadilishana. Baada ya kuvuna, mabua yalikuwa malisho ya mifugo ya wote. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kulima apendavyo wala apendapo: aliyechelewa kuvuna aliwazuia ng'ombe wa wenziwe, na aliyesia mapema alijipandia malisho ya wengine.

Kazi ya Oktoba ilikuwa kulima na kusia ngano. Katika kulima ndiko lilikokuwa jaribu. Vipande havikuwa na ua, na mtu akilima mfuo mmoja tu kupita mpaka, mwaka kwa mwaka, baada ya muda amekula ardhi ya jirani, wala hakuna aliyemwona akiiba. Kwa hiyo mwishoni mwa Novemba, ngano ikiisha kuota kidogo, wazee wa baraza walioapa huenda katika konde lililosiwa, wakapita mpaka kwa mpaka. Wanapoona mtu amelima njia ya wote au kupita kipande chake, hupiga kigingi ardhini mahali pa mpaka wa haki. Juma linalofuata baraza hukutana, na mwenye kosa hutozwa faini ndogo. Mambo hayo yafanyika hata sasa. Bwana na Bibi Orwin waliyaeleza katika kitabu chao cha mwaka 1938 juu ya makonde ya Laxton. Ardhi imebadilika mikono tangu hapo, mara ya mwisho mwaka 2020, lakini baraza limebaki.

Wasomaji wetu wa Kilimanjaro hawatashangaa. Wachagga huonyesha mpaka wa kihamba kwa masale, na jani lile lile la sale hupelekwa kwa jirani aliyekosewa ili kuomba msamaha. Katika nchi zote mbili watu wameona kwamba mpaka si alama ya ardhi tu, bali ni alama ya amani. Nao huukagua mbele ya macho ya wote, kabla uchungu haujakomaa.

NGURUWE WA NYUMBA

Katika vuli misitu nayo ilitoa fungu lake. Matunda ya mialoni yakianguka, nguruwe walipelekwa msituni wakanone. Kitabu kikubwa cha hesabu ya nchi alichoamuru Mfalme William mwaka 1085 mara nyingi kilipima msitu kwa idadi ya nguruwe uliyoweza kuwalisha. Katika Msitu Mpya, wilaya ya Hampshire, haki hiyo yatumika mpaka leo kila vuli, tena kwa faida ya wanyama wengine, maana matunda mabichi ya mwaloni ni sumu kwa ng'ombe na farasi, lakini nguruwe huyala bila dhara.

Aliyekosa msitu alimfuga nguruwe mmoja karibu na mlango wake. William Cobbett, aliyeandika kitabu cha kuwafundisha watu wa nyumba ndogo mwaka 1821 na 1822, aliwasihi wamfuge, akiona kwamba nyama iliyoning'inia darini huleta utulivu katika nyumba kuliko maneno mengi. Flora Thompson, aliyezaliwa mwaka 1876 katika kijiji kidogo cha Oxfordshire, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1939 jinsi watoto walivyotoka shuleni wakiokota majani na konokono wa kumlisha nguruwe wa nyumbani. Lakini aeleza pia kwamba kumnonesha kwataka unga wa shayiri, na asiye na fedha alichukua unga kwa deni, akaweka rehani nusu ya nguruwe kabla hajachinjwa. Hivyo siku ya kuchinja, katika baridi ya kwanza, nyumba ilifurahi, walakini nyama yote haikuwa yao. Na katika ile iliyobaki, sehemu zisizoweza kutiwa chumvi zilitumwa kwa majirani katika sahani. Jirani naye, zamu yake ilipofika, alirudisha. Kwa njia hiyo nguruwe mmoja mmoja wa kila nyumba alileta nyama mbichi kijijini kwa majuma mengi, na hakuna iliyooza.

MCHI WA KUPURIA

Kazi ya mwisho ya vuli iliingia katika baridi: kupura. Mtu alisimama katika sakafu ya ghala, akaipiga miganda kwa fimbo mbili zilizounganishwa kwa ngozi, moja ya kushika na moja ya kupiga, kisha makapi yakapepetwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha na ya vumbi, lakini kwa mtu asiye na ardhi ya kumtosha ndiyo iliyokuwa ujira wake tangu Novemba hata masika. Mskoti Andrew Meikle alibuni mashine ya kupuria karibu na mwaka 1786, na baada ya miaka 40 wakulima wakubwa wengi wa kusini walikuwa nayo. Mashine ilimaliza katika siku chache kazi ya miezi.

Usiku wa tarehe 28 Agosti 1830, huko Lower Hardres, karibu na Canterbury, watu waliivunja mashine ya namna hiyo. Katika vuli yote ile moto na uvunjaji vilienea wilaya kwa wilaya, na barua za vitisho zilitiwa sahihi ya "Kapteni Swing", mtu asiyekuwako. Serikali iliwahukumu wengi: 19 walinyongwa, na zaidi ya 450 wakapelekwa ng'ambo, Australia. Watu hawa hawakuchukia chuma. Walikuwa wameondolewa masazo na sheria, na malisho na ua. Ghala ilikuwa mahali pa mwisho palipowapa mkate wa baridi.

Nimetaja ua. Tangu mwaka 1604 hata 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa makonde na malisho ya pamoja na kuyazungushia ua. Zilihusu ekari kama milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano za Uingereza. Mashamba mengi yalizaa zaidi baada ya hapo, na hilo lazima tulikiri. Lakini mwenye kipande kidogo alipaswa kulipa gharama za sheria na za ua, na wengi waliuza ili kulipa. Aliyekuwa na ng'ombe mmoja kwa sababu ya malisho ya wote, sasa hakuwa na mahali pa kumlisha. Vuli yake ikawa ya mtu wa kuajiriwa.

SHUKRANI YA MAVUNO

Wengi hudhani kwamba ibada ya Sikukuu ya Mavuno, tuifanyayo katika makanisa yetu kwa ndizi, mahindi na kuku, ilitoka katika Uingereza ya kale sana kama ilivyo. Karamu za mavuno ni za kale. Lakini ibada hii, kwa sura yake ya sasa, aghalabu hutajwa kuwa ilianza mwaka 1843, Padri Robert Stephen Hawker wa Morwenstow, wilaya ya Cornwall, alipowaita watu wake kushukuru pamoja, na mkate wa ibada ukafanywa kwa ngano mpya. Angalieni mwaka ule. Zaka ya miganda ilikuwa imegeuzwa kuwa fedha miaka 7 nyuma, na moto wa mwaka 1830 ulikuwa bado katika kumbukumbu za watu. Mganda haukuletwa tena kanisani kwa lazima. Basi uliweza kuletwa kwa hiari.

Nao walimu wana sehemu yao katika historia hii. Watoto wa Uingereza walipolazimishwa kusoma kwa sheria ya mwaka 1880, vitabu vya kumbukumbu vya walimu wakuu vilijaa malalamiko kwamba madawati yako wazi katika Septemba na Oktoba, kwa kuwa watoto wako mashambani wakiokota masuke au viazi. Mwalimu aliona utoro. Mama aliona unga. Wote wawili walikuwa na haki, na kwa muda mrefu shule nyingi zilipanga likizo zifuate mavuno badala ya kushindana nayo.

Kwa hiyo mwanafunzi aulizapo vuli ya Ulaya ni nini, haitoshi kumwambia kwamba ni wakati wa majani kupukutika. Aambiwe kwamba ni wakati wa kuvuna na kusia pamoja, ambapo mkulima mdogo ashika gunia moja mkononi, naye aamue ni la mbegu, la kodi, au la watoto. Kisha aulizwe mambo ya kwao: ni nani aruhusiwaye kuokota shambani baada ya mavuno? Mifugo ya nani hula mabua? Mpaka huonyeshwa kwa mti gani, na ni wazee gani huitwa ukisogezwa? Majibu hayo na yaandikwe na kuletwa kwa gazeti hili, pamoja na maneno yake katika lugha ya mahali, maana mengi ya hayo hayamo katika kamusi, na wazee wayajuao hawatakuwapo siku zote.